Mwaka wa Kumfundisha Chapati Kubweka

Nilipofika mlangoni pa mashine ya kukoboa mpunga pale Chimala nilipiga hodi. Ni mazoea tu, maana mashineni hakuna anayepiga hodi. Mota inanguruma, pumba zinaruka, watu wanaingia na kutoka na magunia mabegani, na hata ukiita kwa sauti yako yote hakuna wa kukusikia. Lakini asubuhi hiyo mota ilikuwa imezimwa, vijana walikuwa wanabadilisha mkanda, na kutoka nyuma ya rundo la magunia sauti ya mwanamume ikanijibu: "Mwizi gani anapiga hodi?" Nilisimama palepale, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Maneno hayo yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, kule Ipogolo, mwaka ule baada ya kumaliza kidato cha nne, na niliyasema kwa mtu mmoja tu.

Akatokea mwanamume mnene, kichwa hakina unywele hata mmoja, anajifuta grisi kwa kitambaa. Akanitazama, nikamtazama.

"Yusta?" akasema. "Yusta wa Ipogolo?"

"Amba! Nywele umezipeleka wapi?"

"Nimeziacha kwenye ule ua wenu wa michongoma. Na wewe bado unazurura? Niliambiwa uko Tunduma, mara Songea, halafu kuna mtu akaniapia amekuona Sumbawanga unauza vitenge."

"Kote nimekaa. Sasa niko Mbeya, Uyole. Nachukua mchele hapa napeleka Mwanjelwa."

"Haya. Tutakuona mpaka utakapochoka na Mbeya."

Akamwita mkewe, ambaye alikuja na ungo mkononi, akauweka chini ili anisalimie vizuri. Alisema tangu waoane mume wake humjibu hivyo kila mteja anayepiga hodi, na akiulizwa sababu anasema ni habari ndefu ya mbwa. "Nikajua ananidanganya," akasema. "Mbwa gani anaitwa Chapati?" Basi tukakaa juu ya magunia, tukala wali mpya na maharage, na mimi na Amba tukamsimulia kwa kukatizana, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, mpaka mota ikawashwa tena tukawa hatusikiani. Njia nzima ya kurudi Uyole nilikuwa naendelea kusimulia peke yangu kimoyomoyo. Nimelala katika vyumba vingi sana vya kupanga, na vingi siwezi hata kukumbuka dirisha lilitazama wapi. Lakini nyumba ya shangazi naweza kuitembea nimefumba macho, na mwaka ule ndio mwaka pekee ambao nilikaa mahali pamoja bila kutamani kuondoka.

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, chini ya mlima ambao juu yake ndiko mji ulipo, karibu na barabara kuu kiasi kwamba malori yaliyokuwa yakipita tuliyasikia kabla hata hatujaamka vizuri. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma ambavyo shangazi alivifua na kuvipiga wanga kila Ijumaa, kwa sababu mara kwa mara jumuiya ya kanisa ilikuja kusali kwake Jumamosi. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha udongo chenye mafiga, na pembeni ya jiko ghala la mahindi lililoinuliwa kwenye miguu ya miti. Kuzunguka yote hayo ulikuwa ua wa michongoma, na nyuma ya jiko ua ulikuwa na pengo, kijia cha kwendea shambani na mtoni. Mbele kulikuwa na lango, lakini ni wageni wa heshima tu waliopitia langoni. Wengine wote walitokea kwenye pengo, wakasimama hapo, wakaita hodi, wakasubiri. Hata mtoto aliyetumwa kuomba moto alisimama na kusubiri. Shangazi alikuwa mjane na hakuwa na mtoto nyumbani, akaniomba nikae naye wakati nasubiri matokeo. Nilikuwa na mabegi mawili na hamu kubwa ya kwenda popote, lakini hakuna aliyekuwa ameniita popote.

Mwezi wa kumi na mbili kuku wa shangazi walianza kupotea. Kwanza jogoo, kisha mtetea aliyekuwa anataga, kisha hata khanga mbili zilizoanikwa kwenye kamba. Jumapili iliyofuata shangazi alirudi kutoka misa ya kwanza na kikapu, na ndani ya kikapu, juu ya khanga iliyokunjwa, alikuwamo mbwa mdogo kama viazi vitatu vilivyofungwa pamoja. Alimchukua kwa mama mmoja anayekaa karibu na mto, akamwachia pakiti ya chumvi, kwa sababu kwetu mbwa hachukuliwi bure. Ukimchukua bure, wanasema, hakai. Alikuwa na rangi ya maziwa ya kuungua na mabaka ya kahawia mgongoni. Shangazi alimweka chini kwenye saruji ya baraza, naye akakojoa hapohapo, bila aibu, huku akitutazama.

"Huyu ni kazi yako," shangazi akaniambia. "Nataka mahindi yakikauka shambani awe anabweka. Si kulialia, kubweka. Asipobweka atakwenda Idodi. Kuna mzee kule ananililia mbwa wa kufukuza nyani shambani, nimemwambia asubiri, nikishindwa naye nampa."

Amba alikuwa ameshafika, kama alivyokuwa akifika kila kulipokuwa na jambo. Baba yake alikuwa fundi wa magari pale barabarani, Wanyakyusa wa Rungwe, na yeye tulimaliza shule pamoja. Alikuwa amesimama kwenye pengo akisubiri kukaribishwa. "Shikamoo shangazi. Kamwene," akasema, maana alipenda kuonyesha kwamba Kihehe anakijua. Halafu akachungulia kikapuni. "Sasa shangazi, nyie Wahehe huyu mnamfuga au mnamnenepesha?"

"Tunamnenepesha," shangazi akasema. "Tukikosa Mnyakyusa tutamla yeye."

Amba alicheka mpaka akaegemea michongoma na kuruka kwa miiba. Ndiye aliyempa mbwa jina, kwa yale mabaka, na shangazi akapinga. "Mwizi atamwogopa Chapati? Mwiteni Simba, mwiteni hata Bosi." Lakini mpaka jioni hata yeye alikuwa anamwita Chapati. Jioni hiyohiyo Amba aliniambia pembeni, akiwa hana utani tena: "Idodi si pa kupeleka mbwa, Yusta. Ni porini kule, karibu na hifadhi. Chui anapenda mbwa kuliko nyama nyingine yoyote. Baba aliwahi kwenda kutengeneza trekta huko, anasema hajaona mbwa mzee." Nilimtazama yule mnyama aliyelala ndani ya kikapu, tumbo juu, nikajua nimepewa kazi ambayo sitaki inishinde.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumfundisha kujisaidia nje. Kila alipoamka, kila alipokula, kila aliponusa sakafu akizunguka, nilimbeba nikatoka naye mbio mpaka kwenye migomba, nikasimama naye. Akifanya, namsifu na kumpa ukoko wa ugali. Shangazi alinichungulia dirishani akasema hajawahi kuona mtu anapongeza mavi. Lakini kabla ya Krismasi alikuwa anakwenda mlangoni mwenyewe na kukwaruza. Kazi ya pili ilikuwa mlango wa jiko, kwa sababu shangazi alikuwa na sheria kwamba mbwa havuki kizingiti cha mahali chakula kinapopikwa. Nilikaa chini ndani ya jiko, nikachambua mboga ya maboga, naye nje, na kila alipoingiza mguu niliuweka mguu wake nyuma kwa mkono, taratibu, bila neno. Tulirudia mpaka akachoka, akajilaza, kidevu juu ya kizingiti, mwili mzima nje. Hapo ndipo palipokuwa mahali pake maisha yote. Mvua zikinyesha alilowa mgongo na pua ikabaki kavu, akinusa maharage.

Mpaka leo nikipika, popote ninapopanga, kuna nafasi karibu na mlango ambayo sikanyagi. Siyo kwamba nafikiria. Mguu tu unaizunguka.

Tatizo lilikuwa kubweka. Chapati alikua, miguu ikarefuka, masikio yakasimama, moja kabla ya jingine, lakini sauti haikutoka. Kila mtu alikuwa na dawa. Mama Fausta, jirani yetu, alisema mfungie gizani mchana kutwa, atatoka mkali. Fundi, baba yake Amba, alisema mpe nyigu kwenye ugali. Muuza dagaa alisema pilipili kichaa, nami nikajaribu hiyo moja. Chapati alipiga chafya kuanzia mchana mpaka jioni, kisha akaja kulala juu ya miguu yangu kana kwamba ni mtu mwingine aliyemtenda. Sikurudia. Nikamwambia Amba kwamba mbwa atajifunza kwa kuona. Anahitaji kuona mwizi.

"Na mwizi ni nani?"

"Wewe."

Tukapanga vizuri. Amba angevaa gunia kichwani, ashike fimbo, atokee shambani apite kwenye pengo kimyakimya kuelekea bandani kwa kuku. Mimi ningekuwa jikoni na Chapati, nikimwona Amba nipige kelele, "Kamata! Shika!", nimwonyeshe hasira ili naye aipate. Siku ya kwanza nilijificha, moyo unanidunda kama vile ni kweli. Gunia likatokea kwenye pengo. Likasimama. Kisha ndani ya gunia ikasikika sauti ya adabu kabisa: "Hodi!"

"Amba!"

"Nini?"

"Mwizi gani anapiga hodi?"

Akavua gunia, uso umejaa vumbi la karanga, ameshangaa kuliko mimi. Alisema imetoka yenyewe. Mama yake alimpiga sana utotoni kwa kuingia kwenye uwanja wa watu bila kuita, na sasa mguu wake ulikuwa haukubali. Tukarudia. Akapiga hodi. Nikacheka mpaka nikakaa chini, na Chapati alipoona nacheka akaja kunilamba, nikampa kipande cha kiazi. Tukarudia tena kesho yake. Mara nyingine Amba alijikaza, akaingia kimya, nami nikapiga kelele kama nimechanganyikiwa, nikarusha mwiko, nikamsukuma Chapati mbele, naye akatoa mguno mdogo, akisimamisha manyoya. Halafu shangazi akatoka kuangalia kelele ni za nini, na mwizi, akiwa na gunia kichwani, akainama akasema, "Shikamoo shangazi. Kamwene." Mazoezi yakaishia hapo. Wiki nyingi zilipita namna hiyo, karibu kila mchana. Amba akiita hodi, kicheko na kiazi. Amba akisahau kuita, fujo na mwiko. Sisi tulidhani tunashindwa.

Na kweli kwa macho ya shangazi tulikuwa tumeshindwa. Ipogolo yote ilipiga hodi. Muuza dagaa alipiga hodi, muuza mifagio alipiga hodi, msoma mita alipiga hodi, na Chapati aliwapokea wote kwa mkia. Jumamosi moja jumuiya ilikuwa kwetu, akina mama wamejaa sebuleni, rozari imefika katikati, na Chapati akapita kati ya miguu yao akajilaza juu ya viatu vya mwenyekiti. Mwenyekiti aliendelea kusali huku akimkuna sikio. Baada ya sala wakanywa chai na viazi vitamu, na mmoja akasema, "Mama, mbwa wako ameokoka." Kila mtu akacheka isipokuwa shangazi. Alinitazama juu ya birika, nikayaelewa macho yake. Mahindi yalikuwa yameshaanza kutoa mbelewele.

Matokeo yalikuwa yametoka kabla ya Pasaka. Nilipata daraja la nne, na Amba vilevile, tukapeana mikono kwenye ubao wa matangazo kama watu waliomaliza kazi ya ulinzi. Nilipomwambia shangazi akasema nikamenye vitunguu. Tulikula kande usiku huo, naye akaniwekea nyingi kuliko siku zote. Hakulitaja tena. Nimekutana na watu wengi tangu hapo walionihurumia kwa maneno mengi, lakini ile kande ndiyo iliyonishibisha.

Mchana mmoja mwezi wa tano nilikuwa nyuma ya jiko nakoleza moto, shangazi na Mama Fausta wakiwa barazani wanachambua maharage. Hawakujua kama nasikia, au walijua na hawakujali. Mama Fausta alikuwa anauliza habari za mbwa, na shangazi akasema mbwa ni hasara, afadhali aende Idodi, kuku wake wataendelea kuibwa tu.

"Mwizi wa kuku si kitu, dada," Mama Fausta akasema. "Yule anakuja akiogopa. Mimi nakuhurumia kwa huyu mwingine anayekuja mchana na gari."

"Kaka si mwizi."

"Sijasema mwizi. Nimesema mwaka jana ulivuna vizuri, halafu ikifika Februari ukawa unanunua mahindi dukani. Nilikuona."

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye beseni.

"Nitamwambiaje?" shangazi akasema. "Anaingia tu. Kabla sijanawa mikono ameshafungua ghala."

Huyo kaka yake, baba mkubwa, nilimjua. Alikuwa anakaa Mafinga, ana biashara ya mbao, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, na hakuwa mtu mbaya. Alinilipia sare za shule bila kuombwa. Lakini alikuwa na namna yake ya kufika. Wakati wa mavuno alikuja na pikapu, akaiacha barabarani, akazunguka nyuma, akapita kwenye pengo moja kwa moja mpaka jikoni. Alifunua masufuria, akaonja kwa kidole, akaita, "Mmepika nini leo?", na kabla hujamaliza kumwamkia ameshasimama ghalani anawaelekeza vijana wake gunia lipi libebwe. Kwake pale palikuwa kwa dada yake, na kwa dada yake ni kwake. Shangazi alikimbilia kumtafutia kiti. Sikumbuki kumwona amekikalia.

Mwezi wa sita baridi ilishuka kutoka juu mjini na upepo ukaanza kupuliza vumbi la mabua. Mahindi yalikuwa ghalani. Chapati alikuwa mbwa kamili, mrefu, kimya. Shangazi akatuma neno Idodi. Yule mzee akaja siku ya soko, mtu mwembamba mwenye koti kubwa, akapitia langoni, akapiga hodi vizuri, na Chapati akamsindikiza mpaka kwenye kiti. Mzee alimfungua mdomo kwa vidole viwili akatazama ndani. "Kaakaa jeupe," akasema. "Mkali huwa na jeusi. Lakini si kitu, mama. Atazoea huko huko." Akafungua kamba kutoka mfukoni, akamfunga shingoni, kamba akaiacha ikining'inia, kwa sababu shangazi alisema hawezi kuondoka bila kunywa chai. Mimi nilikwenda jikoni. Chapati alinifuata, akaweka kidevu kwenye kizingiti kama kawaida, kamba imelala nyuma yake vumbini. Amba alikuwa amekaa juu ya kinu, anachonga kijiti. Nilichota maharage yote yenye mafuta juu ya sufuria nikamwekea Chapati kwenye kifuu. Nilikuwa sioni vizuri kwa sababu ya moshi, au ndivyo nilivyomwambia Amba.

Chapati hakula. Alinyanyua kichwa. Kwenye pengo mtu alikuwa anaingia, bila kuita, bila kupunguza mwendo, na nyuma yake vijana wawili wenye magunia matupu. Mbwa alisimama polepole na mgongo wake wote ukasimama naye. Kisha akabweka. Mpaka leo sijui sauti ile aliihifadhi wapi miezi yote hiyo. Ilikuwa nzito, ilitoka tumboni, kuku wakaruka juu ya banda, na Amba akadondoka kutoka kwenye kinu. Chapati alikwenda mbele kwa miguu iliyokakamaa, akasimama kati ya baba mkubwa na ghala, meno yote nje. Wale vijana wawili hawakusubiri, walisharudi shambani. Baba mkubwa alirudi nyuma mpaka kwenye rundo la kuni, akapanda juu ya kuni.

"Mwiteni mbwa wenu! Yusta! Mshike huyu!"

Niliita, "Chapati!" lakini sauti yangu haikuwa na nguvu, na sitasema kwamba nilijitahidi sana. Shangazi alitokea barazani na birika mkononi, nyuma yake mzee wa Idodi na kikombe chake. Shangazi alimtazama mbwa. Akamtazama kaka yake juu ya kuni, koti limenasa kwenye kijiti. Akatazama pengo, kisha akamtazama Amba, ambaye alikuwa bado yuko chini, na nikaona kitu kinaibuka usoni mwa shangazi taratibu, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

"Dada, mwambie atoke!"

"Hakujui, kaka," shangazi akasema.

"Hanijui nini? Mwambie!"

"Hakuna wa kumwambia. Mtu akipiga hodi hana neno naye. Ndivyo alivyofundishwa." Akabadilisha birika kutoka mkono huu kwenda ule. "Toka nje, kaka. Upige hodi."

"Mimi? Nipige hodi kwa dada yangu?"

Shangazi alibaki barazani na birika lake. Sikuwahi kumwona akisimama mbele ya mtu huyo bila kukimbilia kitu, kiti au maji au samahani. Chapati aliacha kubweka lakini hakuondoka. Basi baba mkubwa akashuka kwa upande wa pili wa kuni, akipapasa kwa mguu, akatembea kinyumenyume mpaka kwenye pengo, akapotea nyuma ya michongoma.

Mzee wa Idodi ndiye aliyeongea kwanza. Alikuwa anacheka kimya, mabega yanatikisika ndani ya koti. "Mama, nilidhani nachukua mbwa wa kupoteza," akasema. "Nyani hapigi hodi hata siku moja. Huyu ndiye mbwa niliyemtafuta." Akainama kuokota kamba.

Shangazi alikuwa amempa neno mbele ya watu, na shangazi hakuwa mtu wa kurudisha neno.

"Mzee wangu," akasema, akapiga goti kidogo kama mtu anayemwamkia mkwe, "nisamehe. Nimekusumbua umetoka mbali. Nitakupa mitetea miwili uende nayo, na mtoto wa kwanza atakayezaliwa na mbwa wa Mama Fausta nitakuwekea mimi mwenyewe. Lakini huyu simtoi."

Mzee alimtazama, akatazama pengo tupu, akatazama ghala. Akajikuna shingo. "Nimeona, mama," akasema, akamvua Chapati kamba, akaizungusha mkononi na kuirudisha mfukoni. "Ana kazi hapa."

Nilidhani baba mkubwa amekwenda zake. Nilifikiria pikapu, Mafinga, maneno yatakayosemwa kwenye ukoo. Halafu kutoka nyuma ya michongoma, kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yake, ndogo, yenye kikohozi mbele yake, tukasikia: "Hodi." Chapati alitikisa sikio. Shangazi alimmiminia kwanza mzee wa Idodi chai, akaweka sukari, akakoroga. "Karibu, kaka," akasema. Baba mkubwa akaingia, mbwa akamnusa viatu, akaridhika, akarudi kulala kizingitini, akakumbuka maharage yake.

Baba mkubwa alikaa kwenye kiti siku hiyo. Alikunywa chai, akauliza habari za baridi, akamuuliza mzee wa Idodi habari za mvua za huko, na mazungumzo yakaenda kama ya wageni wawili waliokutana. Mimi nilikuwa naosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu ili nisiondoke. Mwishowe akageuka kwa dada yake, akatazama vidole vyake, akauliza, "Mmevuna vipi mwaka huu?" Hakuwahi kuuliza kabla.

"Tumevuna ya kutufikisha mwezi wa tatu," shangazi akasema. "Na debe moja la kwako."

Akasimama, akafunga khanga vizuri kiunoni, akaenda ghalani kufungua. Baba mkubwa alimfuata mpaka kwenye ngazi akasimama hapo, kofia kwapani, ameshika debe tupu, akisubiri kujaziwa.